Simu Saba za Baba Yako

Ganza mwanangu,

Salamu tutapeana nyumbani jioni, kwa hiyo naziruka. Naandika nikiwa stoo hapa Masoro, saa nane mchana. Mlango nimeufunga, na wafanyakazi nimewaambia natafuta hesabu iliyopotea. Si uongo kabisa. Wewe umeshuka Remera kunyoa na kuaga wenzako, na najua hutarudi mapema, maana tangu Jumamosi huna haraka ya kukaa nami chumba kimoja.

Kesho jioni unapanda ndege ya India. Mambo ya chaja, plagi, sweta na vyeti umeyaandika mwenyewe na kuyatia alama moja moja. Mtoto wangu huyo, sina la kuongeza. Mimi nataka kujibu swali lako la Jumamosi. Uliniuliza jikoni, wageni wa kukuaga wakiwa bado sebuleni, umeshika sahani: "Mama, siku ile Baba anapiga, mtandao ulisumbua au wewe ulikata?" Nikakwambia, "Kula kwanza, chakula kinapoa." Ukaiweka sahani chini hujaigusa. Tangu hapo unanijibu neno moja tu, "Ndiyo Mama," hata nikikuuliza kitu kisichotaka ndiyo.

Jibu ni hili. Nilikata. Mtandao ulikuwa mzuri, simu ilikuwa mkononi mwangu, jina la baba yako lilikuwa kwenye kioo, na kidole kilichobonyeza kitufe chekundu ni hiki hiki kilichoshika kalamu. Shangazi yako Vestine hakukudanganya alipokwambia nilikata. Aliyedanganya ni mimi, miaka kumi na miwili.

Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Lakini mdomo wangu umezoea biashara. Ukifika penye maumivu unaanza kupatana bei: nilikata, lakini nani asingekata, nilikata, lakini gharama za wakati ule unazijua? Kwenye karatasi nikianza kupatana nitajiona.

Nianze na mambo ya bipu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kitu, na kwa sababu ninyi siku hizi mnapigiana kwa intaneti mpaka mtu analala simu iko hewani. Sisi tulikuwa na adabu yetu. Simu ikiita kidogo ikakatika, hiyo ni bipu, haipokelewi. Mtu akikubipu nawe ukawahi kupokea, umemlia salio lake. Ulihesabiwa sawa na mgeni anayeingia jikoni mwa watu akafunua sufuria. Bipu ilikuwa lugha. Fundi akikubipu, nguo iko tayari. Mwenye gari la mizigo akikubipu, amefika. Watu wazima walikuwa wanaendesha nyumba na biashara kwa simu ambazo hakuna aliyezungumza.

Nilipoanza kwenda China kununua zipu, vifungo na uzi, nilimwekea baba yako sheria. Bipu moja, nyumbani salama. Bipu mbili, nitafute kibanda cha simu nimpigie, maana vile vibanda vilikuwa rahisi. Bipu tatu haikuwepo. Na kubwa kuliko zote: mimi sipokei. Ukiwa nje na laini ya hapa, anayepigiwa naye analipa. Nilikuwa nakatwa faranga elfu moja na mia mbili kila dakika, kwa kupokea tu, hata aliyepiga awe amekosea namba. Kwa pesa hiyo wakati ule nilikuwa nalipa msaidizi wangu wa dukani kutwa nzima.

Baba yako alicheka. Unamkumbuka, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa faranga mia mbili za yinite, salio la simu, kwa wiki na bado zinabaki. Akaniuliza, "Kwa hiyo nikitaka kukwambia nimekukumbuka, nabipu mara ngapi?"

Nikamwambia, "Hiyo subiri nirudi. Nikirudi ni bure."

Hatukucheka peke yetu. Vestine alikuwa amekaa pale, akasema, "Kaka, umeoa kaunta." Nililibeba neno lile. Watu wa ukoo wa baba yako walinibebesha maneno mengi, mwanangu, na sitajifanya nimeyasahau. Nilianza na kikapu pembeni ya kituo cha mabasi Remera, nikiwauzia mafundi zipu moja moja, na hakuna hata mmoja wao aliyenipa sindano. Walichonipa ni kusema kwamba mke wa mwalimu hauzi barabarani, na kwamba sisi tuliokulia Karagwe, Tanzania, tumerudi na tabia za soko. Leo suruali zao zote zinafungwa kwa zipu zangu. Ona, nimeshaanza kupatana. Narudi.

Ilikuwa safari yangu ya tatu. Nilikuwa na Mama Sifa, Mkongo wa Bukavu, mwenye duka la vitambaa. Tulikuwa tunachukua chumba kimoja ili kugawana gharama. Tulikuwa kwenye jengo lile kubwa la vifaa vya ushonaji huko Guangzhou, ghorofa ya pili, kwenye duka la mama mmoja Mchina mwembamba, mwenye miwani kichwani. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui Kichina. Tunaongea kwa kalkuleta. Anaandika 46, yaani yuani arobaini na sita kwa zipu mia. Mimi nafuta, naandika 36. Anacheka, anafuta, anarudisha 46. Ilikuwa saa kumi alasiri kwao. Kigali ilikuwa saa nne asubuhi.

Simu ikaita. Baba yako. Nikasubiri akate mwenyewe, kama bipu inavyotakiwa. Hakukata. Nikamkatia.

Ikaita tena. Nikakata. Nikasema moyoni, hizo ni mbili, jioni nitatafuta kibanda. Hapo tayari nilikuwa nimevunja sheria yangu mwenyewe, maana mbili maana yake ilikuwa sasa hivi, haikuwa jioni. Kibanda kilikuwa chini ya jengo lile lile. Ngazi ishirini na mbili. Nilizihesabu kesho yake, nilipokuwa sina tena wa kumpigia.

Ya tatu ilipoita, Mama Sifa akageuka. "Eh, maman, kamata ile simu. Inalia sana."

"Ni bipu tu."

"Bipu gani inalia hivi? Pengine kuko neno."

"Wewe unajua kupokea ni faranga ngapi?"

"Mi najua mutu hapigake bure mara tatu."

Nikamwambia ashughulike na vitambaa vyake. Nilidhani ni wewe. Ulikuwa na miaka minane, na mikono yako haikuwa inaiacha simu ya baba yako. Ulikuwa umeshampigia mwalimu mkuu mara mbili bila kujua. Nikasema, huyu mtoto nikirudi atanitambua. Nakuomba radhi kwa hilo. Ulikuwa kwa jirani yetu Mama Diane, umelazwa kwenye kiti chake, hujui kitu.

Haya ndiyo aliyoyajua shangazi yako, ukitoa Mama Sifa. Anajua simu iliita na kukatwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kando ya kitanda. Utumbo wa baba yako ulikuwa umejisokota tangu alfajiri, hospitali ikaamua apasuliwe haraka, na kabla ya kuingizwa ndani aliomba simu. Utauliza kwa nini hawakuandika ujumbe. Nami niliuliza. Vestine alinijibu, "Alikuwa anataka sauti."

Sasa nakwambia ambayo Vestine hakuyajua mpaka leo asubuhi. Mtu wa kwanza kuyajua nilikuwa mimi, na kwa miaka yote hii nimekuwa pia wa mwisho.

Yule mama wa zipu aliiona simu. Ya tatu nilipoikata, aliitazama, akanitazama, akashusha miwani. Akaandika 44. Sikuelewa mara moja. Ya nne ikaita, nikakata, akaandika 43. Ndipo nikaelewa: alidhani ni muuzaji mwingine ananitafuta. Alidhani kuna mtu huko nje ananipa bei nzuri kuliko yake na hataki kuniacha. Na mimi, Ganza, sikumwondolea wazo hilo. Ya tano ilipoita niliinua simu juu kidogo ili aione vizuri. Nikaiacha iite. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesumbuliwa na watu wengi wanaomtaka. Nikakata taratibu, kwa madaha. Akaandika 41. Ya sita, 40. Ya saba, akapiga meza kwa kiganja, akaandika 39, na nikampa mkono.

Kisha nikazima simu, nihesabu maboksi bila kelele.

Nilinunua zipu elfu sitini. Wewe ni mtu wa hesabu, na ningekuacha uzifanye, lakini nimezifanya mara nyingi mno, siwezi kuacha kuziandika. Yuani saba zilipungua kwa kila mia. Mia ziko mia sita. Ni yuani elfu nne na mia mbili. Gawanya kwa simu saba. Kila simu aliyonipigia baba yako akiwa kitandani ilinipa yuani mia sita. Mzigo ule ndio uliotutoa kwenye kaunta ya Remera ukatuleta hapa Masoro, na ndio uliolipia miaka yako miwili ya kwanza ya sekondari. Siwezi kuutoa humo. Nimejaribu. Kuna mwaka niliwapa mafundi wajane zipu bure mwezi mzima, nikijifanya ni sadaka. Nilipomaliza, hesabu ilikuwa pale pale.

Nilipowasha simu, maboksi yamefungwa, nilikuta ujumbe mmoja kutoka kwa Vestine. "Kalisa amefariki. Rudi."

Safari ya kurudi sitaisimulia yote. Lakini kuna sehemu moja itakusaidia. Tulipobadilisha ndege, simu yangu ilikuwa imeisha chaji, na chaja iko kwenye begi lililoingia chini. Nilitaka kumwambia mtu yeyote nyumbani saa nitakayotua. Mwanamume mmoja Mganda akaniona nalia, akaninyooshea simu yake, "Piga, mama, piga popote." Nikaishika. Nikagundua sijui namba ya mtu. Ya baba yako sijui, ya Vestine sijui, ya Mama Diane aliyekuwa na mtoto wangu sijui. Mimi, ambaye hata leo ukiniamsha nitakutajia bei ya zipu namba tano ya plastiki kwa gurosi, yaani dazeni kumi na mbili. Namba pekee iliyokuwa kichwani ilikuwa ya muuzaji wa uzi, kwa sababu yake niliipiga kila siku kabla simu haijaanza kukumbuka kwa niaba yangu. Nikamrudishia yule baba simu, nikamwambia haipatikani. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza. Niliuona ni mwepesi.

Wa pili ulikuja wenyewe. Nilipofika nyumbani, watu wamejaa, mama yake baba yako akanishika mabega akaniuliza kwa Kinyarwanda kwa nini sikupokea. Sikufikiri mara mbili. Nikasema, "Mtandao ulisumbua." Vestine alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Akaniangalia. Alisubiri siku ya kumaliza matanga, wanaume wamekaa, mchungaji yupo, ndipo akasema akiwa anagawa vikombe, wala si kwa sauti kubwa: "Huo mtandao wa China unachagua. Wa biashara unampitisha, mume unamzuia."

Watu wakainamisha vichwa. Mwanamke mmoja akaniambia "ihangane," vumilia, kwa sauti ya kunipa pole kwa kuwa na wifi wa namna ile. Nikaipokea pole yake. Nikawa mtu aliyeonewa. Miaka kumi na miwili nimekaa kwenye kiti hicho, na nakiri kwamba kilikuwa na mto.

Nilimwuliza Vestine mara moja tu, nyuma ya nyumba, baba yako alitaka kusema nini. Akanijibu, "Alichotaka kusema alitaka kukwambia wewe. Mimi si wewe." Tangu hapo salamu zetu ni za mikono tu.

Walinikabidhi nguo zake kwenye mfuko pamoja na simu. Niliiwasha, nikaangalia salio. Faranga elfu tano. Mtu wa mia mbili kwa wiki alikuwa ametuma mtu akanunue yinite za elfu tano, ili siku hiyo asije akakatika katikati ya maneno. Na zilikuwa kamili. Hakuna hata faranga moja iliyopungua, kwa sababu simu isiyopokelewa hailipiwi.

Sasa nije kwako, maana deni lake ulilipa wewe.

Tangu mwaka ule sijawahi kuiacha simu iite mara tatu. Nimepokea katikati ya mahubiri, nimepokea benki nikiwa nasaini, nimepokea namba za matapeli nikawasikiliza mpaka wakachoka wao. Hilo lilikuwa langu. Lakini nilikutaka nawe upokee hivyo hivyo. Ulipokuwa sekondari nilikuwa namsumbua mlezi wa bweni mpaka akanipa saa maalumu. Ule usiku wa mechi, ulipochelewa basi Remera, nilikupigia mara kumi na moja. Wenzako wakakucheka, "Ganza, bosi wako," ukazima simu. Nikapanda pikipiki na kandambili za bafuni, nikakukuta kwenye geti la uwanja unakula mshikaki. Uliniambia mbele ya watu, "Mama, unanipigia kama polisi." Nikakukasirikia wiki nzima kwa kukosa adabu. Ulikuwa na adabu, ulikosa tu kujua kwamba kila ulipokata, mimi nilikuwa nasimama pale pale dukani kwa yule mama mwenye miwani, safari hii upande wa pili wa simu.

Ningekwambia hivyo usiku ule, ungenielewa. Ulikuwa na miaka kumi na sita, si mtoto. Sikukwambia, kwa sababu ili nikwambie ingebidi nianze na ukweli.

Juzi umechomoa laini yako ya hapa ukaiweka juu ya friji, ukasema huko utanunua ya Wahindi, halafu "nitakutafuta." Niliisikia hiyo nitakutafuta. Nimewaambia wateja wengi neno hilo. Laini ibebe, Ganza. Benki itatuma namba za siri kwenye laini hiyo, na pesa za simu ziko humo. Ukiikosa utahangaika mwezi mzima. Izimie data kabla ndege haijatua, maana itaanza kukula kabla hujafungua mkanda, na uulize mapema wanakata kiasi gani kwa kupokea. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine unaijua, sitaificha nyuma ya benki.

Na kama kuna kitu nilikinunua ghali kule, ni hiki: mtu akiwa mbali anaanza kupima kila sauti kwa dakika. Hii inafaa kupokelewa, hii isubiri, hii ni bipu. Nilikuwa naona ni akili. Mpaka leo sijui ni wakati gani akili ile iligeuka, kwa sababu simu ya kwanza niliikata kwa nia njema kabisa. Nilikuwa nawawekea ninyi wawili pesa.

Leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika, nilimpigia Vestine. Ikaita mpaka ikakoma, hakupokea. Nikangoja. Nikapiga tena.

"Nani?" Na namba yangu anayo.

"Ni mimi, wifi."

"Wifi yupi? Ninao wengi."

"Mama Ganza."

"Enhe."

Nikamwambia, "Nimepiga kukwambia kwamba Jumamosi hukumdanganya mtoto. Nilikata. Mtandao ulikuwa mzuri."

Akasema, "Sikusikii. Rudia."

Nikarudia, kwa nguvu, mpaka dada anayepanga maboksi ya vifungo akainua kichwa.

"Nilikusikia tangu mwanzo," akasema. "Nilitaka uniambie mara mbili. Kalisa ulimkatia saba."

Basi nikamwambia na yale mengine. Nilimtajia 46, nikamtajia 39, nikamweleza nilivyoinua simu juu. Nikaangalia kioo nione kama bado yuko hewani. Sekunde zilikuwa zinakwenda.

"Hayo hukulazimika kuniambia," akasema.

"Najua."

"Na Ganza?"

"Namwandikia barua leo."

"Barua? Si mnakaa nyumba moja, Rebero hapo?"

"Ndiyo."

"Ariko, jamani, wewe mwanamke!" Na akacheka, Ganza. Kicheko kifupi, cha hasira, lakini kilikuwa kicheko. Nikaona nisipouliza wakati huo sitauliza tena. Nikamwuliza alichotaka kusema baba yako.

Akavuta pumzi. "Wifi, sijui. Kweli sijui. Lile jibu nililokupa nyuma ya nyumba nilikupa ili likuume. Simu nilimshikia mimi, na aliyebonyeza ni mimi. Kila ulipokata nilimwambia amekata, akasema, piga tena. Hilo tu. Piga tena. Hata walipokuja kumsukuma aliniambia piga tena, na mimi nikapiga, nikasikia imezimwa. Nikamwambia inaita."

Kwa hiyo tulikuwa wawili wenye uongo, mwanangu. Wake ulikuwa bora kuliko wangu.

Atakuja kesho saa saba mchana, tutakusindikiza pamoja. Amesema atakaa kiti cha nyuma na hataki mazungumzo ya zipu. Ukimwona ndani ya gari usishtuke.

Watu huzificha barua kama hizi katikati ya nguo za msafiri, azikute akiwa mbali. Hii sitaificha. Nakupa mkononi leo jioni, ili upate usiku na nusu ya siku ya kunikasirikia nikiwa mbele yako, unione uso. Ukitaka kuuliza lolote, uliza. Ukitaka kunyamaza mpaka uwanja wa ndege, nitaendesha gari nawe umenyamaza. Usinisamehe kwa sababu ya ndege.

India wako mbele yetu kwa saa tatu na nusu. Sitakuwekea sheria ya kubipu, wala saa ya kupiga, wala mara ngapi kwa wiki. Sheria zangu umeona zilivyofanya kazi. Keshokutwa, huko kwako kukiwa jioni, nitakupigia. Nitapiga mara moja. Nitaiacha iite mpaka ikome yenyewe. Na usipopokea, watu wakiniuliza, sitasema ni mtandao.

Mama yako